Kompyuta Saba za Mbuke

Kalangalala, Geita
Jumapili

Kaka Boaz,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Ushirombo, wewe, wifi Klara na watoto, na kwamba kile kikohozi kimekuachia. Huku hatujambo. Mama anakula vizuri na anagombana na kila mtu, kwa hiyo ujue ana afya. Mimi mwili ni mzima, ila moyo hauna raha. Utashangaa kupata barua badala ya simu. Kwenye simu ungenionea huruma ukanikatisha, nami ningeshukuru na kunyamaza.

Kazi yetu unaijua. Watafiti wanatafuta maji yanapita wapi chini ya ardhi, ili visima vichimbwe penye maji, na hesabu zake ni nyingi kuliko uwezo wa kompyuta zao. Basi watu wanajitolea: kila kompyuta inachukua kipande, inakipigia hesabu wakati mwenyewe haitumii, kisha inaleta jibu kwenye seva ninayoitunza mimi. Zile saba za shule unayoiongoza zilikuwamo tangu mwanzo, chini ya uangalizi wa Mbuke, mtunza kompyuta wenu.

Mwezi wa saba wajitolea walianza kupoa. Mimi na ujuaji wangu nikawagawa makundi mawili, Wagika na Wagalu, kama kwenye mashindano ya ngoma. Si unatujua Wasukuma, ukitaja Wagika na Wagalu hata mgonjwa anaamka. Ankit mwenye duka la vifaa vya umeme aliwasha kompyuta zote za dukani kwa ajili ya Wagika, na hata hajui Wagika ni nani. Mtaalamu aliyenifundisha alikuwa amenionya nizipangie kompyuta zamu, hii ilete majibu saa hii na ile saa nyingine, seva isije ikalemewa. Sikupanga. Ngoma ni umati, kaka. Nilitaka wote waingie uwanjani saa moja, nione namba zinavyopanda.

Zilipanda kweli. Siku ya mwisho ya mashindano, saa nne asubuhi, kompyuta elfu mbili zilibisha hodi kwa pamoja. Seva ikajaa, ikagoma. Wagika wakadai Wagalu wametumia dawa. Mimi nikaanza kutafuta cha kutupa ili nipate nafasi. Kompyuta zako ni kongwe, na majibu yake ya miezi mitatu yalikuwa bado yanasubiri kukaguliwa. Nikayafuta yote. Ulipopiga simu kuuliza kwa nini shule imeandikiwa sifuri, nikakujibu kwamba lazima kuna mtu alikuwa anazizima. Neno lilinitoka tu, na sikulirudisha.

Sikujua kwamba ungemsimamisha kazi Mbuke. Hapana, nisikudanganye tena: wiki ile ile nilijua, maana alinipigia mwenyewe. Aliniita Mama Blessing kwa heshima zote, akaniomba nimtafutie kumbukumbu za seva, kwa kuwa zingeonyesha kompyuta zilikuwa zinawaka. Nikamwambia zimepotea. Akasema wabeja, asante kwa kujisumbua, akakata. Kaka, kumbukumbu nilikuwa nazo mbele ya macho yangu wakati anaongea. Kompyuta saba, siku tisini na mbili, hazikukosa hata siku moja. Tangu hapo naona aibu hata kukaa na mama mezani.

Nimezichapa, zimo humu ndani ya bahasha. Mrudishe kazini. Najua utataka kuyamaliza kimyakimya, jina la marehemu baba lisichafuke, maana ndivyo ulivyo. Ndiyo sababu nimeandika barua mbili. Ya pili Mbuke ameshaipokea jana, na nimemwomba aisome mbele ya walimu wote.

Msalimie sana wifi. Watoto wakiuliza shangazi yao kafanya nini, waambie ukweli.

Mdogo wako,
Noela