Madereva Hawamo Kwenye Karatasi

Jumatatu, 3 Machi

Kikao tangu saa tatu mpaka saa saba. Koo limenikauka. Siku ya nne hii ya ukalimani. Ujumbe wa serikali ya nchi ile ya vita unasema Kifaransa, wapiganaji wanasema Kiswahili cha kwao, mimi nimekaa katikati. Leo mipaka na malisho. Mvua ilipiga bati la hosteli ya kanisa hata hatukusikiana. Tukasimama nusu saa, wote tunatazama ziwa.

Vita vyao vimekula miaka. Bunduki zimenyamaza tangu Krismasi. Wameletwa huku Kyela kwa sababu hakuna anayewajua.

Mimi nawajua. Wapiganaji wanamshikilia mume wangu.

Jumanne, 4 Machi

Niandike, labda kifua kitapungua uzito.

Lusekelo aliondoka nyumbani kwetu Ngana na lori la mchele, huu mwaka wa pili. Simu ya mwisho alipiga akiwa kwenye kizuizi cha barabarani, nchini kwa hawa wapiganaji. "Mke wangu Tupe, hawa wanataka mzigo tu. Nitakupigia." Basi.

Waandaaji wa mazungumzo haya ya amani walitafuta mwalimu wa Kifaransa aliye karibu. Hawakuuliza mume wangu yuko wapi. Sikusema. Niliapa sitaongeza neno wala kupunguza.

Ninamtamani. Ninatamani harufu ya dizeli kwenye shati, niliyokuwa nikiilalamikia. Ninatamani anavyogombana na kuku asubuhi kama wanamwelewa. Jana nilijaribu kukumbuka pengo lake lilikuwa upande gani wa mdomo. Nimeshindwa. Nimelia bafuni na bomba nimelifungulia.

Alhamisi, 6 Machi

Kifungu cha kuachia watu. Nimekitafsiri mwenyewe, neno kwa neno. "Wapiganaji waliokamatwa na kila upande." Nikasubiri sentensi inayofuata. Haikuja. Wakahamia kwenye mabomu ya ardhini.

Dereva si mpiganaji. Mkataba ukisainiwa hivi, hakuna atakayedaiwa kumrudisha.

Sauti yangu haikutetemeka. Najichukia kwa hilo.

Ijumaa, 7 Machi

Nimevunja kiapo.

Kiongozi wa wapiganaji ni kijana wa miaka thelathini hivi, wanamwita Kamanda. Anakohoa. Anapenda wali wetu, kila siku anaongeza sahani. Nilitaka awe na sura mbaya. Hana.

Mchana alikuwa peke yake barazani. Nikamuuliza, "Madereva mliowachukua barabarani wako wapi?"

Akasema, "Mama, hao hawamo kwenye karatasi."

Hakusema wamekufa. Hakusema hawajui. Nikakaa kwenye ngazi penye maji.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda kwa msuluhishi. Ni jaji mstaafu kutoka ng'ambo ya mto Songwe, wote tunamwita Mama Jaji. Nimemweleza yote, na jina la Lusekelo.

"Ungeniambia siku ya kwanza nisingekuchukua," alisema.

"Ndiyo maana sikusema, mama."

Akavua miwani. Akasema siwezi kurudi kwenye kile chumba, wajumbe wakijua wataondoka na vita vitarudi. Nimekubali. Ni kweli. Nimeomba jambo moja tu: raia waandikwe. Hakuahidi. Akanishika mkono mpaka getini.

Jumapili, 16 Machi

Nyumbani. Kanisani sikuimba. Dada yangu anasema nimefanya ujinga, ningekaa kimya ningejua kinachoendelea. Mkalimani mpya ametoka Dar es Salaam.

Kakao imeanza kuoza mtini kwa unyevu. Sina mikono ya kuivuna.

Ijumaa, 21 Machi

Redio: wamesaini. Wamepeana mikono, picha zimepigwa. Hakuna aliyesoma vifungu. Nilisikiliza taarifa tatu mfululizo. Nikasikiliza na ya michezo.

Kama nimeharibu, nimemharibia yeye.

Jumatano, 2 Aprili

Simu ya Mama Jaji. Sauti ya mbali, inakatika. "Kifungu kimeingia. Na raia wote waliochukuliwa njiani. Kamanda ndiye aliyekileta, si mimi." Kisha: madereva sita wako hai. Wanapitia Malawi, watavukia mpaka wa Kasumulu Jumapili.

Jina lake limo.

Nimekwenda shambani nikapiga kelele kwenye migomba. Jirani akaja na panga akidhani nyoka.

Jumapili, 6 Aprili

Kasumulu. Wabeba mizigo, wauza sabuni, malori yamepanga foleni. Basi dogo jeupe. Wa nne kushuka alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe. Nikamtazama wa tano.

Lusekelo alikuwa yule wa nne.

Alisimama mbele yangu na mfuko wa plastiki. "Ndaga, mama," alisema, akishukuru kama mgeni. Miaka yote ya ndoa hajawahi kuniita mama. Nilimkumbatia, akasimama tu, kama mtu anayepekuliwa.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimepika ndizi na maharage. Alikula akiwa amesimama. Wageni walijaa, wakasali, wakaondoka. Alikaa nje mpaka kukapambazuka, na mimi nikakaa naye.

Yuko hatua tatu kutoka nilipo na bado ninamtamani. Sikujua inawezekana.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua imepumzika asubuhi. Nimeelewa mwenyewe, hakuniambia: ni komeo la mlango wa chumba linalomzuia kuingia kulala. Kila akilifikia anarudi.

Nimechukua kisu cha jikoni nikaanza kuling'oa. Skrubu ya kwanza ilikuwa na kutu. Akaja akasimama nyuma yangu. Kisha akakinga kiganja, nikawa namwekea humo, moja moja. Zilikuwa nne.

"Polepole, Tupe," alisema. "Utajikata."

Ameingia, amelala. Mlango unachezacheza na upepo. Nimeuacha hivyo.