Tairi la Kumbebea Mama Mkwe

Jumanne. Ukungu tangu alfajiri, mpaka jua limepanda siuoni hata mkorosho wa pili. Baridi ya Newala ya miezi hii inaingia kwenye mifupa. Nimepulizia dawa mikorosho ya watu, nimerudi, nimeoga, mikono bado inanuka salfa. Nimekaa kitandani na simu.

Mwanangu Zuhura ndiye aliyenifungulia ukurasa huu mama yake alipofariki. Alisema, baba, wewe husemi, basi andika. Haya, naandika. Leo habari ni ya tairi.

Mtu atacheka. Acheke.

Baiskeli yenyewe ni ya umeme, zile za kupandia milima, nzito kama ndama. Bwana shamba niliyekuwa namfanyia vibarua alihamishwa, akaniachia. Betri nzima, mota nzima. Matairi ndiyo yalikuwa kipara, nyuzi nje. Nilikuwa naendea vibarua hivyo hivyo, kwenye lami haikunisumbua.

Wiki iliyopita Zuhura akapiga simu kutoka Tandahimba. Amejifungua, hatoki nje bado. Akasema kidonda cha bibi kimeanza kunuka.

Bibi yake ndiye mama mzazi wa marehemu mke wangu. Anakaa ndani ndani, upande wa Mnyambe. Ana sukari, na mguu wa kushoto una kidonda. Hospitali ya Ndanda walishamwambia, kidonda kisafishwe, asikose siku, akizembea mguu utakatwa. Mke wangu ndiye alikuwa anampeleka. Sasa hakuna wa kumpeleka. Kutoka kwake mpaka barabara ya magari ni mchanga mtupu, unameza mguu mpaka kifundoni. Kijana wa bodaboda alimwangusha pale, wenzake wakasikia, wote wanakataa.

Zuhura akasema, baba, una baiskeli. Nikasema matairi yamekwisha. Akasema, nunua. Akakata simu.

Sasa hapo pana jambo. Mkwe hapakiwi. Mama mkwe namsalimia kwa mbali, nimeinama, simtazami usoni. Miaka yote niliyokaa kwake sijala mbele yake. Leo nimweke kwenye keria, goti lake ligonge mgongo wangu? Watu wa kwetu wanajua ninachosema.

Na liko jingine, hili sijamwambia mtu. Kwetu mwanamume anahamia kwa mke. Nilijenga kwao, nikapanda mikorosho kwao. Alipokufa hakuna aliyenifukuza. Lakini unaanza kukaa kama mgeni kwenye nyumba uliyoikandika mwenyewe. Nikatoka, nikapanga chumba hapa mjini. Tangu hapo ile njia ya mchanga sikuipita.

Mke akifa, mkwe anabaki mkwe? Nilikuwa sijui.

Basi, Alhamisi nikaenda Masasi, maana tairi za saizi hiyo Newala hakuna. Nilipanda gari na magurudumu yote mawili, watu wananitazama. Fundi niliyeelekezwa si mtu wa huku, ametoka bara, lakini kazi anaijua. Akatoa matairi ya aina mbili. Moja lina meno makubwa, mapana, kama ya pikipiki. Jingine meno yake mafupi, karibu laini.

Hakuniambia lipi zuri. Aliniuliza, "Mzee, unapita wapi na unabeba nini?"

Swali dogo. Likanikwama.

Kwenye benchi walikuwa wamekaa wazee wawili, nikawasikia wanaongea Kimakonde, watu wa kwetu. Nikaona haya. Nikasema napita lami, nabeba mzigo.

Fundi akasema kama ni lami na mzigo, chukua haya ya meno mafupi. Yanakimbia, hayali betri. Ujaze upepo yawe magumu kama jiwe, mzigo usije ukayakalia. Nikachukua. Fundi hakukosea. Aliyekosea ni mdomo wangu.

Jumamosi nikafika kwa mkwe. Nyumba yangu ipo, mlango umefungwa kwa kamba. Nikapiga hodi, nikainama, shikamoo mama. Marahaba. Alikuwa ameshavaa, ameshajifunga kitambaa mguuni, ametoka nje na fimbo yake. Harufu niliisikia nikiwa mbali.

Nikamweleza kwamba nitaisukuma tu, nikitembea pembeni, yeye akae. Akaniangalia, akaangalia keria. Akasema, "Kwa kusukuma tutafika Ndanda wamefunga. Panda, Baba Zuhura."

Nikabaki nimeshika usukani kama mjinga.

Akazunguka nyuma, akaegemea, akakaa mgongo kwa mgongo na mimi, uso kule tulikotoka. Akajifunika kanga kichwani. "Wewe angalia mbele, mimi naangalia nyuma. Hatuonani. Haya, adabu imevunjika wapi?"

Nikapanda.

Kwenye njia ngumu tulikwenda vizuri. Mota inavuta, yeye anaangalia nyuma, mimi mbele. Tulipoingia kwenye mchanga, tairi la mbele likaanza kuyumba. Gumu kama jiwe, halina meno, linakata mchanga kama kisu kisha linakwenda linakotaka lenyewe. Nikazidisha umeme. Lile lilikuwa kosa la pili. La nyuma likachimba, la mbele likageuka, tukaenda chini.

Mguu wa kidonda ulibaki juu, Mungu alisaidia. Lakini mama mkwe amekaa kwenye mchanga, kanga huko, fimbo huko. Na mimi nimesimama. Sijawahi kumgusa hata mkono. Nikatazama huku na huku nimpate mwanamke wa kumwinua. Hakuna mtu, mikorosho tu.

Akasema, "Unangoja nani? Binti yangu?"

Maneno yale yalinichoma. Nikamshika chini ya makwapa, nikamwinua. Mwepesi. Sikujua amekuwa mwepesi hivyo. Nilimpangusa mchanga mgongoni kama nilivyokuwa nampangusa Zuhura alipokuwa mdogo.

Kisha akaligonga tairi kwa fimbo. Akauliza fundi nilimwambia nabeba nini. Nikasema mzigo. Akanitukana Kimakonde, tusi moja fupi siliandiki hapa, halafu akacheka mpaka akakohoa. Akasema ndiyo maana tairi lenyewe linaona haya, linakimbilia vichakani.

Baiskeli ile ina kitufe, ukikibonyeza inatembea yenyewe polepole, wewe unaishika tu. Nilimpakia tena, nikatembea naye pembeni mpaka barabarani. Baiskeli tukaiacha hapo kwa watu, tukapata gari. Ndanda tulifika wakiwa bado hawajafunga. Nesi alifungua kitambaa, akasema mguu bado upo ila hauna subira. Jumatano mrudi. Bila kukosa.

Alisema mrudi. Wawili.

Kwa hiyo jana nilikuwa Masasi tena, safari hii na baiskeli nzima. Fundi alikuwa na wateja, na kwenye benchi watu wamejaa kuliko siku ile. Akaniuliza matairi yana nini. Nikasema hayana kitu. Nikasema kwa sauti, maana ningesema polepole ningeacha katikati, "Nampakia mama mkwe wangu, anaumwa mguu, na njia ni mchanga."

Mzee mmoja akaguna. Mwingine akasema dunia imekwisha, sasa wakwe wanapandishwa keria. Wakacheka. Fundi hakucheka. Aliuliza, mguu upi?

Nikasema wa kushoto, na anakaa akitazama nyuma.

Akasema ungesema tangu mwanzo. La mbele akalitoa, akaweka lile pana la meno makubwa. Alinieleza kwamba la mbele ndilo linaloshika njia, likipotea na wewe umepotea. La nyuma akaliacha la meno mafupi, linatosha, na betri haitaliwa sana nikiwa kwenye lami. Akapunguza upepo wa yote mawili mpaka ukibonyeza kwa dole gumba yanabonyea kidogo. Akasema mchanga haupendi ubishi, tairi likilegea linaukalia juu. Kisha akanichomelea chuma kwenye keria upande wangu wa kulia, ndiko unakoangukia mguu wake wa kushoto, mahali pa kuuwekea usining'inie.

Yule mzee aliyeguna ndiye aliyenisaidia kubeba baiskeli mpaka kwenye gari. Njiani akaniuliza mke wangu alikuwa wa ukoo gani. Nikamwambia. Akasema, basi unampeleka mama yetu. 

Leo jioni Zuhura amepiga simu. Bibi yake ameagiza mambo mawili. Niweke mto kwenye keria, siku ile ilimuumiza. Na nisile njiani. Tukirudi kutoka Ndanda atasonga ugali wa muhogo, nitakula palepale, yeye atanipa mgongo kama kwenye baiskeli.

Na ile kamba ya mlangoni kwangu, Zuhura anasema, bibi ameifungua. Amefagia ndani.

Nimekaa nalo hilo neno tangu magharibi.

Betri imejaa. Mto nimeufunga. Nimebonyeza matairi yote mawili kwa dole gumba, yanabonyea. Asubuhi, ukungu uwepo usiwepo, napita kwenye mchanga.