Mstari wa Baba Talal

Mwaka umezunguka, Baba Talal, tangu Ijumaa ile uliyotutoka. Tunakuandikia gazetini kama wafanyavyo watu wa mji huu, ingawa tunajua hukupenda jina lako litajwe hadharani. Utuvumilie leo.

Kwenu mtoto wa kiume hulelewa dukani. Baba yako aliuza vitambaa mtaa wa Asiatique, na mdogo wako Azhar anauza mpaka leo. Wewe ukaenda kuandika hesabu za komini, serikali ya mtaa. Ndugu zako walikuita Mwarabu wa Komini, harusini na hata msibani, nawe ulicheka ukiwarudishia msemo wa baba yenu: mali bila daftari hupotea bila habari. Ulianza karani mdogo ukaishia mhasibu mkuu. Wasimamizi wa komini walikuja na kuondoka na magari yao, wewe ukabaki na kiti kile kile kilichochanika ngozi. Kodi za vibanda, ada za masoko, mabomba ya maji, yote yalipita chini ya kalamu yako. Hukujenga Kinindo kwa matajiri. Ulitulea katika nyumba ya kupanga Mutanga Sud, na wapo waliokuona mjinga kwa hilo.

Kila ukurasa ulipokwisha kuandikwa, nafasi iliyobaki chini uliikata kwa mstari wa mshazari, kwa rula yako ya mbao, mtu asije akapenyeza neno baada yako. Ulifanya hivyo kazini, ukaja kufanya hivyo nyumbani. Karatasi ya Mama Talal ya kwenda sokoni ilikuwa na mstari. Barua ya posa ya Basma uliijibu vizuri sana, na chini ya dua ukapiga mstari, wakwe wakadhani umewakasirikia.

"Nafasi yenye iko wazi ni mulango," ulikuwa unatuambia. "Kesho utakuta mutu ameshaingia."

Lakini hukuwa mkavu. Akina mama wauza ndagala, dagaa wa ziwani, wasiojua kusoma uliwasomea risiti zao neno kwa neno, kwa Kiswahili kisha kwa Kirundi, na waliokuwa nyuma kwenye foleni wakikuna vichwa. Chai ulitia sukari uliyokatazwa na daktari huku ukimtazama Mama Talal usoni. Mashati yako yote yalikuwa na doa la wino mfukoni, na kwa madoa hayo mligombana maisha yenu yote. Sasa shati moja ameliweka kabatini na amekataza lisifuliwe.

Tuseme na la Talal. Tukiliruka, kumbukumbu hii itakuwa na uongo ndani yake, na uongo ulioandikwa ulikuwa unakuumiza tumbo.

Talal ni mwanao wa kwanza, ndiye aliyekupa jina. Alikuwa na kibanda cha vitenge sokoni, na kodi yake ilikuwa imelala muda mrefu bila kulipwa. Aliposikia wakaguzi wanakuja, alifika nyumbani mchana, ukiwa mezani, akakuomba umwandikie risiti ya tarehe ya nyuma.

"Niandike wapi?" ulimuuliza. "Kurasa zote zimeshafungwa. Nafasi hakuna."

"Kwa hiyo, Baba, hata mi hauna nafasi yangu?"

"Mu kitabu ya komini, apana."

Ulimfuata hadi kizingitini ukimwambia faini utalipa wewe, kwa mshahara wako. Hakugeuka. Kibanda kikafungwa, naye akavuka mpaka akaenda Uvira. Mama Talal alibaki na sahani mbili za wali ambazo hakuna aliyezimaliza. Hakukulaumu hata mara moja, maana alijua ungeiandika risiti ile usingepata usingizi tena. Ila tangu siku hiyo, kila ulipopiga mstari kwenye karatasi yake ya sokoni, aliutazama sana kabla ya kuikunja. Uliona, tunajua uliona. Lakini mstari hukuuacha.

Presha ikakuangusha. Simu ya Talal haikupatikana. Tulingoja mpaka baada ya Alasiri, kisha Azhar akasema maiti haisubirishwi, na alisema kweli. Ukazikwa bila mwanao kukutilia udongo. Hilo ndilo linalomla Mama Talal, kuliko hata kifo chenyewe.

Akaingia eda. Léocadie, msaidizi wako ambaye sasa ndiye aliyekalia kiti chako, alikuja kumpa pole akiwa na mfuko. Ndani mlikuwa na glasi yako ya chai, miwani na rula.

"Bado tuko tunapiga mistari, Mama Talal," alimwambia. "Njo vile chefu wetu wa kazi alitufundisha."

Alitaka kumfariji, masikini. Mama Talal alimshukuru, akamsindikiza hadi mlangoni, kisha akarudi ndani akalia kwa sauti, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya maziko. Rula akaiweka kabatini, juu ya lile shati.

Eda ilipokwisha akaja Mawazo, yule mama wa Kikongo anayetuletea mawese kutoka Uvira. Safari hii hakuteremsha madumu kwanza. Alisema amemwona Talal, yu mzima, amekonda, anauza vitenge vya watu wengine.

"Aliniuliza kama muzee alimutaja mbele ya kufa," Mawazo alisema. "Nimujibu nini?"

Mama Talal alikaa chini. Kweli ni kwamba hukumtaja. Mdomo wako ulikuwa umekwenda upande, na siku zile za mwisho hukumtaja yeyote. Angeweza kutunga neno moja tamu, likavuka mpaka, likamrudisha mtoto nyumbani, na hakuna ambaye angejua. Neno lilimfika ulimini, mwenyewe ametuambia. Lakini alikuwa mke wako miaka mingi mno.

"Umwambie hakuweza kusema," akajibu. "Na umwambie mi bado naitwa Mama Talal."

Mawazo ameenda na kurudi mara nyingi tangu hapo. Anasema ujumbe aliufikisha, na Talal aliinamisha kichwa akaendelea kukunja vitenge. Hajaja. Tungependa kukuandikia vingine, lakini mwaka umetimia na hajaja.

Juzi tulikaa kuandika tangazo hili. Kalamu alikuwa nayo Basma. Mama Talal akamwambia orodha ya wanaokukumbuka aianze na jina la kaka yake Talal, na Azhar, ambaye ndiye anayelilipia, akakataa.

"Shemeji," Mama Talal akamuuliza, "mutoto akikunyea mu kiganja, utakikata?"

"Apana, sikikate. Ni mutoto wetu. Lakini tutaandika aje kama anakumbuka, na yeye hajasema? Aseme mwenyewe."

Lilikuwa neno lako kabisa, limetoka kwa mdogo wako aliyekucheka maisha yake yote. Hata Azhar aliona, akatazama pembeni akijifuta macho. Basma akaandika majina mengine. Alipofika mwisho, karatasi ilikuwa na nafasi chini. Mama Talal akaingia chumbani, akarudi na rula yako, akailaza pale kwa mshazari kama ulivyokuwa ukiilaza, akaomba kalamu. Tukamngoja. Aliishika ile rula, akayasoma majina yote tangu juu hadi chini. Kisha akaiondoa, akamrudishia Basma kalamu yake, akaenda kuchemsha chai.

Wanaokukumbuka ni mkeo Sheikha. Binti yako Basma na mumewe. Mjukuu wako Ghada, ambaye bado anakutafuta nyuma ya mlango. Mdogo wako Azhar na nyumba yake yote ya Kinindo. Na wenzako wa komini, kwa mkono wa Léocadie.

Hapa chini tumeacha nafasi ya jina moja, na mstari hatukupiga. Utusamehe. Wewe mwenyewe ulituambia kwamba ni mlango. Tutakukumbuka daima, Baba Talal.