Uso Unaovutia Upande Mmoja

Merv, niko ndani ya ambulensi. Naandika kwa kidole gumba cha kulia tu. Cha kushoto hakinisikii.

Asubuhi ulinicheka uwanjani. Ulisema, "Alf, uso wako umekuwa kama matufe yetu ya kuviringisha nyasini, uzito wote upande mmoja!" Nikacheka pamoja na wenzetu, lakini moyoni niliumia. Nikaenda moja kwa moja ile kliniki ya urembo ya Southport. Ndiyo, mimi! Nilishasoma yote: sindano za kujaza mashavu, au upasuaji wa kuvuta ngozi.

Nikamwambia daktari, "Binti, nichagulie. Sindano au kisu?"

Akasema, "Tabasamu, mzee." Nikatabasamu. "Tena." Merv, alisema tena!

"Inua mikono yote miwili." Nikainua yote. Naapa niliona nimeinua yote.

"Shavu hili limelegea tangu lini?"

Nikajibu, "Uzee tu huo, binti."

Akamgeukia muuguzi, akapaza sauti: "Ita ambulensi! Kiharusi!"

Nauliza sindano au kisu, naambiwa kiharusi!

Mke wangu Glenys usimwambie nilikwenda kutengeneza uso. Hapana, mwambie yote, mradi aje hospitali.

Sikiliza. Wahudumu wanauliza kiharusi kilianza saa ngapi. Wanasema dawa hufaa tu ikiwa hazijapita saa nyingi. Mimi sijui, Merv. Wewe ndiye uliyekiona kwanza. Tulipokunywa chai kabla ya mchezo, uso wangu ulikuwa sawa? Au ulikuwa umeshalegea?

Jibu sasa hivi. Usinitanie.