Usiwashe Jiko Ndani

Baba watoto,

Usiwashe jiko la mkaa ndani, hata kama ni la chai tu. Chai imo kwenye chupa.

Nampeleka mama yako hospitali, dereva ananipigia honi. Anapumua na anaongea, kwa hiyo usije mbio ukagongwa na gari. Ulipotoka kwenda kazini alivuta jiko chumbani kwake aote moto, akafunga mlango. Nilimwita, kimya. Nikamkuta amelegea kama nguo iliyolowa, ananiita kwa jina la dada yake. Jirani yetu muuguzi anasema ni hewa ya mkaa, imekosa pa kutokea.

Tindo na nyundo ziko nyuma ya mlango wa jikoni. Fumua yale matundu ya juu ya madirisha, vyumba vyote, ndipo utufuate. Watoto wako kwa dada yako, wasirudi hapa kabla hujamaliza.

~~Nilikwambia tangu mwanzo.~~

Hapana, sikukwambia. Wewe ulisema tuyazibe yale matundu joto lisitoke, tupunguze mkaa, na mimi ndiye niliyepanda ngazi na mwiko. Nikajisifu kwamba hata mbu hapiti.

Plasta nimeipiga nene, usiionee huruma.

Mama yako alisimama pale chini, ameshika ngazi nisianguke, akauliza, "Sasa wanangu, nyumba itapumulia wapi?" Nilicheka mpaka ngazi ikatikisika.

Anza na chumba chake.

Mama watoto