Mila Nilizobuni Kwenye Mlima wa Baray

Jumanne, Karatu

Na eti mimi ndiye mwongoza watalii! Huyu bibi wa Kiholanzi ana miaka sabini, lakini tulipoanza kupanda kutoka Baray baiskeli yake ilikuwa mbele, mimi nyuma nahema kama ng'ombe wa kulimia. Bosi akijua sina pumzi, kazi sina.

Basi nikabuni mila. "Bibi, huku mgeni hapiti bila kusalimia." Tukashuka kwenye nyumba ya kwanza, tukasalimia. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu, mama mwenye nyumba akanikazia macho: "Mnamtafuta nani?" Nikamnong'oneza kwa Kiiraqw kwamba nakufa kwa uchovu. Akacheka, akatuwekea vigoda. "Mila yetu ni kukaa mpaka uji uishe."

Tulikaa. Sufuria ilikuwa kubwa, Mungu ambariki.

Jioni bosi akamuuliza bibi safari ilikuwaje.

"Nzuri sana," akajibu kwa Kiswahili chake cha kujifunza. "Watu wenu wana heshima."

Bosi alipogeuka, bibi akanisogelea. "Nami nilikuwa nahema. Nilitangulia ili usinione. Kesho tafuta mila nyingi zaidi."