Pete Yetu Imepauka Nyarugusu

Baba Neema, mwalimu wangu wa kemia,

U mzima huko? Leo nimemsaidia dada yako kunasa vumbi la dhahabu kwa zebaki kwenye karai, pete ya ndoa ikiwa kidoleni. Ikageuka nyeupe kama bati! Mchimbaji mmoja akacheka, akiniita mama kwa Kisukuma: “Mayu, ndoa imepauka!” Tukaichoma kwenye makaa, zebaki ikaruka kama mvuke, njano ikarudi.

Kumbe ulifundisha kweli: atomi za metali kama dhahabu na zebaki, zinazovuta elektroni karibu sawa, hushikana kilegevu; lakini moja ikivuta mno na nyingine ikiachia, kuzitenganisha ni kazi. Sisi, wewe unavuta, mimi naachia. Ndiyo maana hata moto wa mama yako haujatutenganisha.

Nibusie Neema.

Mkeo

Shikamoo, mama mkwe. Najua kadi haina bahasha.